Kusasisha BIOS ya Kompyuta Isiyo na Draivu ya Flopi: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Walimu wa Kigoma

Pakua BIOS mpya ya kompyuta ya zamani, yaani programu iliyo ndani ya chipu inayoiwasha mashine, fungua faili la maelezo lililokuja nayo, na mara nyingi utaambiwa uchukue disketi, uiingize kwenye draivu A:, kisha uwashe mashine. Ukiigeukia mashine yenyewe, pale palipotakiwa kuwa na draivu pana kifuniko cha plastiki tu. Kompyuta nyingi za mezani utakazokuta madukani Mwanga au kwenye maabara za shule, Ujiji hadi Kasulu, ni mitumba iliyostaafishwa na ofisi za nje. Zimekuja zikiwa hazina draivu hiyo, na hata ingekuwepo, disketi nzima ungeipata wapi? Sony iliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011.

Usihangaike kuzunguka sokoni kuulizia draivu ya flopi ya USB. Disketi ilikuwa mkokoteni tu wa kubebea vitu vitatu: DOS ndogo (mfumo endeshi wa zamani) ya kuwashia mashine, programu ya kuandika kwenye chipu, na faili la BIOS. Vitatu hivyo vinaingia kwenye flashi, kwenye CD, au hata kwenye diski iliyomo ndani ya kompyuta. Kinachoua mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) kwenye kazi hii ni mambo mawili: faili lisilo lake, na umeme kukatika katikati ya kuandika. Huku kwetu la pili ndilo la kuogopa zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kuliko miongozo mingi inavyofanya.

Je, kuna haja?

Mteja anakuja na mashine anasema, "Fundi, imekuwa nzito, niwekee BIOS mpya." Mjibu kwa upole kwamba BIOS mpya haitaifanya iwe nyepesi. Uzito unaondolewa kwa kuongeza RAM na kubadilisha diski ya kuzunguka (hard disk) kuwa SSD. Sababu za kweli za kugusa BIOS ni chache. Unataka kuweka prosesa mpya zaidi, kwa mfano baadhi ya mazabodi za soketi LGA 1155 zilizotoka na Intel Core ya kizazi cha pili, ambazo hupokea ya kizazi cha tatu baada tu ya kusasishwa. Mashine haitambui diski au kumbukumbu uliyoiongeza. Feni inanguruma bila sababu, au laptopu hailali wala kuamka vizuri, na mtengenezaji ameandika kwamba toleo jipya linatibu hilo. Au ni usalama: baada ya mapengo ya prosesa yaitwayo Spectre na Meltdown kutangazwa Januari 2018, watengenezaji wengi walitoa BIOS za kuyaziba, hata kwa mashine zilizokuwa na miaka kadhaa.

Kama hakuna kati ya haya, iache. Mashine inayofanya kazi yake ya kuchapa mitihani haikuombi toleo jipya.

Ijue mashine kwa jina lake kamili

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike:

wmic bios get smbiosbiosversion
wmic baseboard get manufacturer,product,version

Matoleo mapya ya Windows 11 yameiondoa wmic. Huko bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na usome mistari ya BIOS na BaseBoard. Kwenye Linux ni hivi:

sudo dmidecode -s bios-version
sudo dmidecode -s baseboard-product-name

Mashine ikiwa haiwaki hadi kwenye Windows, fungua kifuniko. Jina la mazabodi limechapwa juu ya ubao wenyewe, mara nyingi katikati ya nafasi za kadi. Tazama pia pembeni kama kuna maandishi madogo ya "rev". Gigabyte, kwa mfano, huuza mazabodi mbili zenye jina lile lile, moja rev 1.0 na nyingine rev 2.0, na kila moja ina BIOS yake. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoumia. Kwa Dell tumia Service Tag iliyo kwenye kibandiko, kwa HP tumia namba ya bidhaa.

Pakua kutoka kwa mtengenezaji wa mashine na si kwingine. Kurasa zinazokusanya BIOS za kila kampuni huwezi kujua wamechanganya nini. Bando lisikutishe: BIOS za enzi za disketi kwa kawaida hazizidi megabaiti moja, na za kisasa nyingi ni kati ya megabaiti 8 na 32. Hilo la ukubwa peke yake lingetosha kuiua disketi, maana ilibeba MB 1.44 tu. Soma maelezo ya toleo kabla ya kuanza. Baadhi ya mashine haziruki kutoka toleo la kwanza hadi la mwisho moja kwa moja, zinataka upitie toleo fulani la kati.

Mtengenezaji akiwa ameweka namba ya uhakiki ya SHA256, ilinganishe na ya faili lako:

certutil -hashfile bios.zip SHA256

Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Mtandao unaokatikakatika huleta faili nusu.

Umeme

Kuandika chipu huchukua dakika moja hadi tano hivi. Ndani ya dakika hizo BIOS ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika, na umeme ukiondoka, mashine haina tena maelekezo ya kujiwasha. Mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kufika, na kila mwenye duka anajua umeme wa kuchezacheza ukoje. Kwa hiyo panga kama ifuatavyo.

Laptopu ndiyo rahisi. Chaji betri ijae, chomeka chaja, na acha vyote viwili. Programu nyingi za kusasisha zitagoma zenyewe kama chaja haipo au betri iko chini. Betri ikiwa imekufa kabisa, ile inayozima mashine mara tu ukichomoa chaja, basi laptopu hiyo ihesabu kama kompyuta ya mezani.

Kompyuta ya mezani inataka UPS, na UPS yenyewe ijaribiwe kwanza. UPS nyingi zilizopo maofisini betri zake zilishachoka, zinapiga kelele tu na kuzima. Washa kompyuta ikiwa haifanyi kazi yoyote ya maana, chomoa UPS ukutani, na uhesabu. Ikikaa dakika 10 bila kuyumba, inafaa. Ikizima papo hapo, bora umeijua leo. Monita iunganishe kwenye UPS pia, maana ukiwa kizani huoni ujumbe wa kosa, ila printa iache nje, hasa ya leza, inakula umeme mwingi kwa mkupuo.

Huna UPS lakini una sola yenye betri na inveta? Inatosha, kwa sharti moja. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lisilo laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi. Endesha kompyuta hiyo kwenye inveta nusu saa huku ikifanya kazi za kawaida. Isipozima wala kuwaka upya, endelea. Jenereta ndogo ni chaguo la mwisho, kwa sababu volti zake hupanda na kushuka mtu mwingine akiwasha pasi jirani. Ukilazimika kuitumia, jaza mafuta kwanza, chomoa kila kitu kingine, na uipitishe kwenye stebilaiza.

Kuna vitu vidogo watu husahau. Angalia LUKU kama ina uniti. Usifanye kazi hii jioni watu wote wamewasha majiko na taa. Asubuhi ni afadhali. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, ukiona wingu limesimama juu ya ziwa, ahirisha. Radi za Tanganyika hazina mazungumzo.

Kabla ya kugusa chochote

Ingia kwenye menyu ya BIOS na upige picha kila ukurasa kwa simu. Usasishaji hurudisha mipangilio ya kiwandani, na mpangilio mmoja ndio utakaokusumbua usipoujua: namna ya SATA (jinsi mashine inavyozungumza na diski), kama ni AHCI, IDE au RAID. Ukibadilika bila wewe kujua, Windows itaishia kwenye skrini ya bluu, nawe utadhani umeharibu mazabodi.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya Windows), simamisha kufuli hiyo kwa muda, la sivyo mashine itakuomba ufunguo wa tarakimu 48 ambao mwenye mashine pengine hajawahi kuuona:

manage-bde -protectors -disable C:

Kisha nakili kazi za mteja kwenye diski nyingine. BIOS haigusi mafaili, lakini mteja akipoteza picha za harusi atakuuliza wewe.

Njia ya kwanza: menyu ya BIOS yenyewe

Jaribu hii kabla ya zote. Mazabodi nyingi za tangu karibu mwaka 2010 zina kiandishi chake ndani, yaani programu ya kuandika BIOS: ASUS wanakiita EZ Flash, Gigabyte Q-Flash, MSI M-Flash, ASRock Instant Flash. Kwenye Dell nyingi za 2012 na kuendelea, bonyeza F12 wakati wa kuwasha na uchague BIOS Flash Update. Kwenye HP za ofisi ingia kwa F10 utafute Flash System ROM au Update System BIOS.

Fomati flashi iwe FAT32, si NTFS wala exFAT, weka faili la BIOS juu kabisa bila kulificha ndani ya folda (HP wana mpangilio wao wa folda, fuata maelezo yao), chomeka nyuma ya kompyuta, na uchague faili. Hakuna DOS, hakuna Windows inayoweza kuganda katikati. Ukiipata njia hii, njia nyingine zinazofuata huzihitaji.

Kusasisha ukiwa ndani ya Windows nako kunawezekana, na kwa laptopu za kampuni kubwa kumekuwa salama vya kutosha. Zima antivirasi, funga programu zote, endesha faili, usiguse. Kwa mazabodi za zamani za kuunganisha mwenyewe siipendi njia hii, Windows ina mambo mengi ya kufanya pembeni. Wa Linux wajaribu kwanza fwupd, programu ya kusasishia BIOS, ambayo inafanya kazi kwa mashine ambazo mtengenezaji wake amezipeleka huko:

fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates
fwupdmgr update

Njia ya pili: flashi yenye FreeDOS

Hii ndiyo mbadala halisi wa disketi, kwa mashine ambayo BIOS yake haina kiandishi. FreeDOS ni DOS ya bure iliyoanzishwa mwaka 1994, na programu ya Rufus imekuja nayo ndani, kwa hiyo huhitaji kupakua kitu kingine.

Tafuta flashi ndogo ya zamani. GB 2 au 4 ni nzuri, kwa kuwa baadhi ya BIOS za zamani huchanganyikiwa na flashi kubwa. Hamisha vilivyomo, vitafutwa. Fungua Rufus, chagua flashi yako, na kwenye Boot selection weka FreeDOS. Partition scheme iwe MBR, File system iwe FAT32. Bonyeza START.

Ikimaliza, tengeneza folda BIOS ndani ya flashi na uweke vitu viwili: programu ya kuandika na faili la BIOS. Programu hiyo hutegemea asili ya BIOS, yaani kampuni iliyoitunga. Za AMI ni AFUDOS, za Award ni AWDFLASH, za Phoenix ni PHLASH16, na Dell wameunganisha vyote kwenye faili moja la .exe linalokubali kuendeshwa ndani ya DOS. Tumia ile iliyokuja kwenye furushi la mashine yako. Majina yasizidi herufi nane kabla ya nukta na tatu baada yake, maana DOS haielewi majina marefu: MPYA.ROM itafaa.

Furushi likiwa ni .exe linalong'ang'ania kutengeneza disketi, usilitii. Libonyeze kwa kitufe cha kulia ulifungue kwa 7-Zip, mara nyingi vitu vyote vimo ndani. Likiwa ni taswira ya disketi, faili la .img au .ima lenye baiti 1,474,560, 7-Zip hulifungua pia. Kwenye Linux:

sudo mount -o loop bios.img /mnt

Sasa peleka flashi kwenye mashine. Chomeka kwenye tundu la USB 2.0 la nyuma. Washa na ubonyeze kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Lenovo na Gigabyte nyingi, F9 kwa HP, F8 kwa mazabodi za ASUS, F11 kwa MSI na ASRock. Flashi isipoonekana, ingia kwenye mipangilio, zima Secure Boot na uwashe Legacy au CSM (uwashaji wa mtindo wa zamani). Kumbuka kuvirudisha ukimaliza, Windows iliyosakinishwa kwa UEFI (uwashaji wa mtindo mpya) haitawaka bila hivyo. Kwenye BIOS za Award chagua USB-HDD badala ya USB-FDD.

Utafika kwenye C:\> ambayo hapa ni flashi yako, si diski ya kompyuta. Andika:

cd bios
dir

Hakikisha mafaili yapo na ukubwa ni ule ule. Kisha hifadhi BIOS ya zamani, na hili usiliruke hata kama una uhakika gani. Kwa AMI:

afudos zamani.rom /o

Kwa Award, kuhifadhi na kuandika hufanyika kwa amri moja:

awdflash mpya.bin zamani.bin /py /sy

Matoleo ya programu hizi hutofautiana, kwa hiyo andika kwanza jina la programu ikifuatiwa na /? usome inavyotaka. Kwa AMI, baada ya kuhifadhi, kuandika kwa kawaida ni jina la faili jipya likifuatwa na alama zilizotajwa kwenye maelezo yake. Programu ikikataa na kusema faili si la mazabodi hii, iamini. Kuna alama za kulazimisha, kama /x ya AFUDOS inayoruka ukaguzi huo, na zimezika mazabodi nyingi.

Ikianza kuandika, kaa mbali na kibodi. Asilimia zikisimama dakika moja, subiri. Zikisimama dakika tano, subiri bado.

Njia ya tatu: programu inayotaka A: na si kingine

Baadhi ya programu za zamani zimeandikwa kutafuta draivu A: kwa lazima, na zikiwa kwenye flashi zinagoma. Dawa ni kuidanganya mashine kwamba ina flopi.

Kama kuna Linux ndani na inawaka kwa Legacy, sakinisha syslinux-common, nakili memdisk kutoka /usr/lib/syslinux hadi /boot pamoja na bios.img (ile taswira ya disketi), na uongeze mistari hii kwenye /etc/grub.d/40_custom:

menuentry "Sasisha BIOS" {
linux16 /boot/memdisk
initrd16 /boot/bios.img
}

Endesha sudo update-grub, washa upya, chagua mstari huo. Kama /boot ina kigawanyo chake cha peke yake, ondoa neno /boot kwenye njia hizo mbili. Memdisk hupakia taswira ya disketi kwenye RAM, na DOS inaiona kama A: halisi. Njia hii inafaa hata kwa mashine kongwe isiyojua kuwaka kutoka USB.

Kama hakuna Linux lakini draivu ya CD ipo, choma CD inayoiga disketi. Kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, weka bios.img ndani ya folda, kisha:

genisoimage -o bios.iso -b bios.img -c boot.cat folda/

Choma bios.iso kwa spidi ndogo na uwashe kutoka hapo. Tahadhari kwa njia zote mbili hizi: CD haiandikiki, na kilichoandikwa kwenye RAM hupotea ukizima. Nakala ya BIOS ya zamani haitabaki, kwa hiyo utaanza safari bila akiba.

Baada ya kuandika

Mashine inaweza kujizima na kuwaka mara mbili, feni zikipiga kelele na skrini ikiwa nyeusi kwa dakika kadhaa. Usikimbilie kitufe cha pawa. Ikiwaka, ingia kwenye BIOS, chagua Load Optimized Defaults, kisha rudisha mipangilio kutoka kwenye zile picha za simu ukianza na SATA. Weka saa na tarehe. Zikipotea tena kila ukizima umeme, badilisha betri ndogo ya CR2032. Kwenye Windows washa tena BitLocker:

manage-bde -protectors -enable C:

Thibitisha toleo kwa amri ile ya mwanzo na uandike toleo na tarehe kwenye kibandiko ndani ya kifuniko.

Ikigoma kuwaka

Zima, chomoa umeme, toa betri ya CR2032 dakika kumi, rudisha, jaribu. Bado? Baadhi ya mazabodi za Gigabyte zina chipu mbili na hujirudisha zenyewe. Laptopu nyingi za HP hukubali ukishika kitufe cha Windows na B huku ukiwasha, flashi yenye faili la kuokolea ikiwa imechomekwa. Mazabodi za Award na AMI za zamani zina sehemu ndogo ya chipu isiyofutwa ambayo hutafuta disketi, na hapo ndipo pekee draivu halisi ya flopi ingekufaa.

Kwingineko, dawa ni kuandika chipu kutoka nje kwa kifaa kiitwacho CH341A na kibanio chake cha miguu minane. Kigoma uliza kwanza kwa mafundi wa laptopu, vinginevyo agiza Kariakoo kipande kije na basi. Soma namba juu ya chipu kwa tochi: nyingi ni za familia ya 25 za volti 3.3, lakini laptopu za miaka ya karibuni zina za 1.8, na hizo zinahitaji adapta yake la sivyo zinaungua. Isome chipu mara mbili na ulinganishe nakala kabla ya kufuta chochote, kisha andika ile ZAMANI uliyohifadhi. Nakala ya mashine nyingine ya aina hiyo hiyo inaweza kuiwasha, lakini itakuja na namba za utambulisho za mashine ile, na kwenye baadhi ya laptopu hata anwani ya MAC ya kadi ya mtandao.